Splash Star, 2006: jinsi mauzo ya Precure yalivyokatika nusu, na kilichobadilishwa mwaka uliofuata

Jumapili ya Februari 5, 2006, saa mbili na nusu asubuhi, watoto wa Japani waliokuwa wamewazoea Nagisa na Honoka, wasichana wa katuni ya Precure wanaojibadilisha kuwa mashujaa, kwa miaka miwili walifungua televisheni wakakuta wasichana wengine wawili. Jina la kipindi lilianza vilevile, Futari wa Precure, ila mkia wake sasa ulikuwa Splash Star. Mji ulikuwa mwingine, adui mwingine, na viumbe wadogo wanaowapa wasichana nguvu walikuwa wengine pia. Katika hesabu za kampuni ya Bandai, zinazoanza Aprili na kufungwa Machi, vifaa vya kuchezea vya Precure vilikuwa vimeingiza takriban yen bilioni 12 mwaka uliotangulia. Mwaka wa Splash Star viliingiza takriban bilioni 6.

Mashabiki wengi hulieleza anguko hili kwa sentensi moja: Splash Star ilikuwa nakala ya ile ya kwanza. Ukiitazama sehemu zote 49 utaona sentensi hiyo haitoshi. Kama hadithi, Splash Star iko mbali na ile ya kwanza, na wapo wanaoiona kuwa bora zaidi. Kama picha kwenye boksi la dukani, iko karibu nayo mno. Kisa chote kimo katika pengo hilo, na waliotengeneza mfululizo wa 2007 walilielewa vizuri.

Tuanze na pesa, maana bila hizo mengine hayaeleweki. Precure hutengenezwa na Toei Animation, na hurushwa na kituo cha ABC cha Osaka kupitia mtandao wa TV Asahi. Bandai ndiyo mdhamini mkubwa anayeuza vifaa. Kipindi huanza mwishoni mwa Januari au Februari na kumalizika Januari inayofuata, na mwaka wake umegawanywa kwa kalenda ya duka. Mwanzoni kinauzwa kifaa cha kujibadilisha. Katikati ya mwaka wasichana hupata nguvu mpya au mwenzao mpya, na pamoja naye kifaa kipya. Desemba ndiyo mavuno. Mwandishi wa sehemu ya 24 anajua tayari ni kitu gani kitakuwa kwenye rafu wiki ile, kwa kuwa kiwanda hakingoji mwandishi apate wazo.

Mnunuzi ni mzazi, lakini mwenye kuamua ni msichana wa miaka minne, mitano au sita. Hapa pana jambo ambalo mtazamaji mtu mzima hulisahau: mteja huyu hadumu. Aliyekuwa na miaka minne kipindi kilipoanza Februari 2004 alikuwa anakaribia au ameshafika darasa la kwanza mwaka 2006, kwani shule za Japani huanza Aprili kwa waliotimiza miaka sita. Akishavaa begi la shule, Precure inakuwa kitu cha watoto wadogo. Kwa hiyo hata bila kosa la mtu yeyote, sehemu kubwa ya wateja wa Nagisa na Honoka ilikuwa inaondoka, na kipindi kilihitaji watoto wa miaka mitatu na minne ambao hawakuwa na deni lolote la mapenzi kwa Precure.

Toei ilishaishi na tatizo hili kabla. Ojamajo Doremi ilikaa saa hiyohiyo ya Jumapili kwa miaka minne, 1999 hadi mwanzo wa 2003, ikiwa na mhusika mkuu yuleyule aliyekuwa akipanda darasa kila mwaka. Sailor Moon nayo ilikwenda sehemu 200 kati ya 1992 na 1997 na Usagi yuleyule. Kwa wasichana desturi ilikuwa kuwavuta wahusika walewale mpaka wachoke, kisha kuanza kitu kingine chenye jina lingine kabisa. Baada ya Doremi ikaja Ashita no Nadja, kisa cha msichana anayemtafuta mama yake Ulaya, bila uchawi wowote. Ilikaa mwaka mmoja tu. Ndipo mtayarishaji Washio Takashi, ambaye hakuwahi kutengeneza kipindi cha wasichana, alipopewa nafasi akaja na wazo kwamba wasichana nao wanataka kurusha ngumi. Akamchukua mwongozaji Nishio Daisuke, mtu wa Dragon Ball Z. Nagisa na Honoka, wakishabadilika kuwa Cure Black na Cure White, hawakupeperusha fimbo tu. Walipiga, walipigwa, walivunja kuta.

Ile ya kwanza ikafanikiwa, na mwaka 2005 ikafuata Max Heart yenye wasichana walewale na mwenzao wa tatu, Shiny Luminous. Mauzo yakapanda zaidi. Mpaka hapo njia ilikuwa ileile ya Doremi. Jaribio la kweli lilikuwa 2006: je, jina Precure linaweza kuishi bila Nagisa na Honoka?

Kwa upande wa hadithi walijibu kwa ujasiri. Splash Star inafanyika Yuunagi, mji mdogo kando ya bahari, na hewa yake ni ya miti, upepo na maji kuliko ya mtaa wa mjini. Hyuuga Saki ni binti wa wenye duka la mikate, anarusha mpira katika timu ya softiboli ya shule. Mishou Mai anachora. Baba yake ni mwanaastronomia, mama yake mtafiti wa mambo ya kale. Nguvu zao zinatoka kwa roho za maumbile, kwa hiyo wanaruka juu zaidi, wanajikinga kwa ngao za mwanga, na ngumi si nyingi kama zamani. Adui anafuata chemchemi saba za uhai. Na kuna Michiru na Kaoru, wasichana wawili waliotumwa na upande wa giza kujifanya wanafunzi wapya, wakaishia kuupenda mkate wa kina Saki na picha za Mai kuliko kazi waliyotumwa. Kutoweka kwao katikati ya mwaka na kurudi kwao karibu na mwisho ndiyo sehemu inayokumbukwa zaidi na watu waliokuwa wakubwa vya kutosha kuikumbuka.

Sasa funga hadithi, tazama boksi. Wasichana wawili. Mmoja nywele fupi, mchangamfu, mwanamichezo, mlafi. Mwingine nywele ndefu, mtulivu, mwenye akili. Mmoja anang'aa, mwingine amevaa nyeupe. Wanashikana mikono ili wabadilike, wanashikana tena ili watoe pigo la mwisho. Kila mmoja ana kiumbe mdogo anayekaa ndani ya kifaa kinachofunguka kiganjani. Katika ile ya kwanza kinaitwa Card Commune, katika Max Heart kinaitwa Heartful Commune, na hapa kinaitwa Mix Commune. Hata kwa herufi za jina, Splash Star iliendelea kusema "Wawili ni Precure".

Mtu mzima atakuonyesha tofauti ishirini. Mtoto wa miaka mitatu ambaye dada yake ana Card Commune chini ya kitanda haoni sababu ya kuomba nyingine, na mama yake haoni sababu ya kumnunulia. Upande wa pili, yule wa miaka mitano aliyempenda Nagisa anaona mtu mwingine amekalia kiti cha Nagisa. Kwa hiyo mfanano uleule uliwafukuza wateja wa aina mbili: mgeni hakuona kipya, mwenyeji aliona mvamizi. Laiti kipindi kingebadilisha sura kabisa, mwenyeji angeudhika lakini mgeni angeingia. Laiti kingemrudisha Nagisa mwaka wa tatu, mwenyeji angebaki kidogo. Splash Star ilisimama katikati ya mito miwili.

Hii si sababu pekee, na anayesema ni pekee anaisahau Sega, kampuni ya michezo ya video. Tangu mwishoni mwa 2004 kulikuwa na mashine katika maduka makubwa ya Japani iliyoitwa Oshare Majo Love and Berry. Msichana anatumbukiza yen 100, mashine inamtolea kadi moja ya nguo, viatu au mtindo wa nywele, anaipitisha kwenye kisomaji, kisha mhusika wake anacheza dansi kwa mavazi aliyochagua. Fikiria hesabu ya mzazi: kifaa cha Precure ni maelfu ya yen kwa mara moja, tena kwa sababu maalumu kama siku ya kuzaliwa, kadi ni yen 100, kila mnapokwenda sokoni. Halafu kadi zinakusanywa, zinabadilishanwa na wenzake, na kila moja ni uchaguzi wake mwenyewe. Kufikia 2006 Love and Berry ilikuwa wazimu wa wasichana wadogo nchi nzima. Ilichukua pesa, lakini nadhani ilichukua pia kitu kizito zaidi, yaani raha ya kuchagua. Kwenye Splash Star kulikuwa na wasichana wawili wa kuchagua, na wote wawili walikuja kwa pamoja.

Katikati ya mwaka likajaribiwa la kujaribiwa. Saki, ambaye akibadilika huitwa Cure Bloom, akapata umbo la pili, Cure Bright, lenye nguvu za mwezi. Mai, yaani Cure Egret, akawa Cure Windy, wa upepo. Kwenye karatasi hili ni zuri: mavazi mapya mawili, vifaa vipya, na wasichana wanne badala ya wawili. Kwenye televisheni halikuwa hivyo. Ni Saki yuleyule na Mai yuleyule, wakibadilisha nguo kulingana na pigo linalohitajika. Mtoto anayesema "mimi ni Cure Bright" amesema tu kwamba yeye ni Saki siku ya pili. Na wakati huohuo wasichana wawili halisi, wenye sura, sauti na machungu yao wenyewe, yaani Michiru na Kaoru, walikuwa wametolewa kwenye hadithi, na hata waliporudi hawakupewa jina la Cure wala mavazi rasmi. Kitu chenye nguvu kuliko vyote katika kipindi kilikuwa ndicho ambacho hakikuwa na boksi dukani. Kwa hadithi, uamuzi ule ni sahihi. Maumivu ya kuwapoteza ndiyo uti wa mgongo wa nusu ya pili. Kwa duka, ni hasara tupu.

Dalili nyingine ya jinsi mambo yalivyosinyaa ni filamu. Max Heart ilipata filamu mbili ndani ya mwaka 2005, moja Aprili na moja Desemba. Splash Star ilipata moja, Desemba 9, 2006, na haikusimama yenyewe bali ilioneshwa pamoja na filamu fupi ya Digimon Savers.

Uamuzi wa nini kifanyike 2007 haukungoja Desemba. Kipindi kinachoanza Februari huwa kimeshachorwa, kimeshapewa vifaa na kimeshaandikwa mwanzo wake miezi mingi kabla. Mauzo ya masika na kiangazi ndiyo yaliyotosha kuwaambia kwamba hakutakuwa na mwaka wa pili wa Saki na Mai. Washio akabaki mtayarishaji, na mwongozaji wa Splash Star, Komura Toshiaki, akabaki vilevile. Hili linafaa kuangaliwa, kwa sababu mtu anayetafuta mchawi wa kumtwisha lawama hampati: watu walewale walioongoza anguko ndio walioongoza kupona. Mchoraji wa wahusika ndiye aliyebadilishwa. Inagami Akira, aliyechora wasichana wa miaka mitatu ya kwanza, alimwachia nafasi Kawamura Toshie, ambaye mistari yake ni myembamba, macho makubwa zaidi, nywele zenye mapambo mengi zaidi.

Yes! Precure 5 ilianza Februari 4, 2007, na jambo la kwanza lililotupwa ni neno "wawili". Wasichana ni watano, kila mmoja na rangi yake: Cure Dream wa waridi, Rouge mwekundu, Lemonade wa njano, Mint wa kijani, Aqua wa buluu. Kabla yake mhusika mkuu aliwahi kuvaa nyeusi. Tangu Dream, waridi limekuwa rangi ya kiongozi karibu kila mwaka. Mbinu ya rangi tano haikutoka mbali. Asubuhi ileile ya Jumapili, dakika sitini kabla ya Precure, kulikuwa na Super Sentai ya kaka zao, ambayo ilishajua kwa miongo kwamba kikosi cha rangi kinampa kila mtoto nafasi uwanjani.

Cha pili kilichotupwa ni kushikana mikono. Hili naliona zito kuliko idadi. Katika mifululizo mitatu ya kwanza, ukimwacha Shiny Luminous, msichana mmoja peke yake hawezi kubadilika. Mwenzake asipokuwepo, nguvu hazipo. Katika hadithi hiyo ni dhahabu: sehemu ya 8 ya mfululizo wa kwanza, ambamo Nagisa na Honoka wanagombana na hawataki kuonana, ina uzito wake kwa sababu bila kupatana watakufa. Sebuleni, hata hivyo, kifaa cha mtoto mmoja kinakuwa nusu ya kitu. Precure 5 wanavaa Pinky Catch mkononi kama saa, na kila mmoja anaweza kubadilika popote, akiwa na wenzake au bila wao. Mtoto mwenye Pinky Catch moja amekamilika. Na umbo la kifaa limeacha kabisa kuwa simu ya kiganjani, hakuna mama anayeweza kusema "si unayo ya dada yako?"

Cha tatu ni kukusanya. Mwaka mzima wasichana wanatafuta viumbe wadogo 55 wanaoitwa Pinky ili wakijaze chombo kiitwacho Dream Collet; kikijaa kitatimiza tamanio lolote, nao wanataka kuurudisha ufalme ulioangamizwa wa Palmier. Hapo unasikia mwangwi wa kadi za Love and Berry: kila wiki kuna kipya cha kupata, na hesabu inaonekana ikisogea.

Namna watano hao walivyoingizwa ni somo la ufundi. Hawakutokea wote kwa pamoja. Kila sehemu ya mwanzo ina msichana wake, mtoto anajifunza jina moja na rangi moja kwa wiki. Halafu wa tano, Karen, anashindwa. Kipepeo anayeleta nguvu anamkataa katika sehemu ya 5, na anakuwa Cure Aqua katika sehemu ya 6 tu. Kushindwa huko kunavunja mwendo wakati ambao mtazamaji ameanza kuukisia, na kunawaambia watoto kwamba nguvu hizi haziji kwa zamu kama foleni ya maji.

Gharama yake ipo. Sehemu moja ni dakika 24 hivi pamoja na nyimbo na matangazo ya ndani. Watano wakibadilika kikamilifu, kila mmoja akataja jina lake, kisha wakapiga pigo kwa zamu, kinachobaki kwa hadithi ni kidogo. Ndiyo maana Precure 5 huzunguka: wiki hii ya Urara (Lemonade) na ndoto yake ya uigizaji, wiki ijayo ya Komachi (Mint) na riwaya yake. Ule mvutano wa watu wawili wasiofanana waliolazimishwa kuwa pamoja ukapungua, na mapigano ya mwili kwa mwili yakawa machache. Kilichojaza pengo ni ucheshi, hasa wa maadui. Nightmare ni kampuni, watumishi wake wana kadi za biashara na mabosi wa kuogopwa, na Bunbee, meneja wa kati anayesukumwa kutoka juu na chini, ni mmoja wa maadui wanaochekesha kuliko wote katika historia ya Precure. Baba aliyejilaza kwenye kochi Jumapili asubuhi alikuwa na wa kumwonea huruma.

Mauzo yakapanda tena kwa nguvu. Filamu ya Novemba 10, 2007 ikaleta kingine kilichodumu: Miracle Light, taa ndogo ambayo mtoto hupewa mlangoni mwa sinema ili aipunge pale Precure wanapozidiwa. Ni kitu cha bei ndogo sana kutengeneza, kinamfanya mtoto asiyeweza kukaa kimya kwa zaidi ya saa moja awe na kazi, na anarudi nacho nyumbani.

Lakini 2007 haikumaliza tatizo, na hapa wachambuzi wengi huharakisha. Mwaka 2008 Toei ilirudia hatua ileile ya Max Heart: Yes! Precure 5 GoGo!, wasichana walewale, mwenzao mmoja mpya, Milky Rose, na kifaa kipya, CureMo. Ikafanya vizuri. Maana yake ni kwamba mwaka 2009 wangekuwa palepale walipokuwa 2006: wahusika waliopendwa kwa miaka miwili, watoto wanaohitimu, na haja ya kuanza upya. Tofauti safari hii ni kwamba walijiandaa kwa mpito wenyewe. Novemba 2008, kabla ya filamu ya GoGo, ilioneshwa filamu fupi sana iliyowakutanisha Precure wote waliotangulia, Bloom na Egret wakiwemo. Fresh Precure ikaanza Februari 1, 2009 ikiwa na mtayarishaji mwingine, Umezawa Atsutoshi, wasichana wenye maumbo marefu zaidi, na dansi ya mwishoni iliyotengenezwa kwa kompyuta. Kisha Machi 20, 2009 ikatoka Precure All Stars DX: Precure 14 katika filamu moja, wakiwemo watatu wapya wa Fresh ambao walikuwa hewani wiki chache tu.

Filamu hiyo ndiyo iliyotibu jeraha la 2006 kwa kweli. Mtoto anayempenda Cure Dream anakwenda kumwona Dream, na anatoka anamjua Cure Peach wa Fresh, kwa sababu Dream mwenyewe amesimama bega kwa bega naye. Mgeni hakukalia kiti cha mtu, kiti kimeongezwa. Saki na Mai hawakupata daraja kama hilo. Walitupwa skrini wiki moja baada ya Nagisa kuaga, bila mtu wa kuwashika mkono. Tangu 2009 hakuna mfululizo wa Jumapili asubuhi uliopewa mwaka wa pili, hata zile zilizouza sana, na kila masika kwa miaka mingi kulikuwa na filamu ya kuwatambulisha wapya kwa wazee wao.

Aliyeikuta Precure kupitia Netflix kwa jina la Glitter Force hawezi kuliona hili, kwani aliletewa mifululizo miwili tu, Smile na Doki Doki, tena imepunguzwa: Doki Doki kutoka sehemu 49 hadi 30. Anayetaka kulinganisha mwenyewe afanye hivi: atazame sehemu ya 1 ya mfululizo wa 2004, kisha sehemu ya 1 ya Splash Star, kisha ya 1 hadi ya 6 za Precure 5, sauti ikiwa imezimwa. Bila maneno, mbili za kwanza zitachanganyikana; ya tatu haitachanganyika na chochote. Baadaye arudie Splash Star akiwa na sauti, asiruke sehemu za Michiru na Kaoru.

Na soko la watu wazima limekuja kuihesabu Splash Star kwa njia yake. Oktoba hadi Desemba 2023, NHK ilirusha sehemu 12 za Kibou no Chikara: Otona Precure '23, zilizomrudisha Nozomi, yule Cure Dream, na wenzake wakiwa wafanyakazi wenye uchovu wa watu wazima. Kati ya Precure wote wa zamani ambao wangeweza kualikwa kujiunga na kikosi cha watano hao, walioalikwa ni Saki na Mai. Waliokuwa na miaka sita mwaka 2006 sasa wana mishahara yao.